Mlima wa bluu si kosa la mtoto

Mtoto anakuja mbio na karatasi ambayo bado haijakauka. Amechora mlima kwa rangi za maji, na mlima wote ni wa bluu. Mzazi anainua macho kutoka kwenye simu na kucheka: "Umeona wapi mlima wa bluu wewe?" Mtoto anaikunja karatasi. Siku nyingine atachora mlima wa kijani kama ule wa kitabuni, au hatachora kabisa.

Mwaka 1842, mchoraji wa Uingereza, J.M.W. Turner, alichora kwa rangi za maji mlima mmoja wa Uswisi uitwao Rigi, ukionekana kutoka ng'ambo ya ziwa. Aliuchora mara tatu. Katika picha moja mlima ni wa bluu, jua linapokaribia kuchomoza na maji yametulia. Katika nyingine ni mwekundu kwa jua la jioni. Katika ya tatu una giza. Mlima ni uleule. Kilichobadilika ni saa, mwanga na kile anachohisi anayeutazama.

Rangi za maji zinafaa sana kwa kazi hiyo. Karatasi ikiwa imelowa, rangi husambaa na kingo hupotea kama kwenye ukungu. Ikiwa kavu, mstari hubaki mkali. Hivyo hata mtoto asiye na maneno ya kueleza huzuni au utulivu anaweza kuuonyesha kwa maji na brashi.

Utoto wa Turner mwenyewe haukuwa mwepesi. Mdogo wake wa kike alifariki akiwa bado mtoto, na mama yake aliugua maradhi ya akili. Baba yake alikuwa kinyozi jijini London. Lakini kinyozi huyo alitundika michoro ya mwanawe dukani, wateja waione na wainunue.

Mzazi wa leo hahitaji kujua kuchora. Badala ya "Hiki ni nini?", aulize: "Hapa ni saa ngapi? Kuna baridi au joto? Ungekuwa hapa ungejisikiaje?" Kisha anyamaze asikilize.

Asiwe na haraka ya kuogopa pia. Wingu moja jeusi huenda ni mvua ya jana tu, au ndiyo rangi pekee iliyobaki. Lakini giza likijirudia wiki baada ya wiki, na mtoto halali vizuri, anakataa chakula au hataki shule, hapo mzazi aketi naye wazungumze, na amwone mwalimu wake.

Na ile karatasi iliyokunjwa? Inyooshwe, ibandikwe ukutani, mahali ambapo kila anayeingia ataiona.