Malezi ya Nyumbani: Mtoto Mchanga na Baridi ya Kipupwe

Masika yamekwisha, maji ya mto Kilombero yamerudi mahali pake, na mpunga umeiva. Sasa ni miezi ya kipupwe. Alfajiri ukitazama upande wa milima ya Udzungwa huioni, maana ukungu umelala juu ya mbuga, na umande ni mwingi hata nguo ya mtu apitaye njia ya mashambani hulowa mpaka magotini. Ndiyo saa watu wendapo kuvuna. Tena hawaendi peke yao: wake wengi huenda na watoto wachanga mgongoni.

Mwalimu mmoja ametuuliza swali, nasi twaona kuwa ni swali la nyumba nyingi. Mke wake amejifungua, na mtoto ana majuma matatu. Bibi wa mtoto asema, "Mtoto asitoke nje hata kipupwe kiishe." Babu asema, "Bonde letu ni la joto. Baridi ya Ifakara haijamwua mtu." Mwalimu auliza: Ni yupi asemaye kweli?

Twajibu kwamba kila mmoja ameshika nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ina hatari.

Tuanze na neno la babu. Ni kweli kwamba Ifakara haina theluji, na mchana wa kipupwe jua huwaka vizuri. Lakini mtoto mchanga hapimwi kwa baridi ya mtu mzima. Chungu kikubwa cha uji kikiepuliwa hukaa na moto muda mrefu; uji uo huo ukitiwa katika kikombe kidogo hupoa mara. Mwili wa mtoto ni kile kikombe. Kichwa chake ni kikubwa kuliko viungo vingine, mafuta ya mwilini ni machache, wala hawezi kutetemeka vema kama sisi ili ajipashe moto. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, amekwisha kuanza kupoa, ijapokuwa mama yake haoni baridi yo yote.

Joto la mtoto hutoka kwa njia nne. Hutoka kwa maji, kama akiachwa amelowa baada ya kuoga au kwa mkojo. Hutoka kwa upepo, kama apitapo juu ya baiskeli au pikipiki kabla ya jua kupanda. Hutoka kwa kugusana na kitu cha baridi, kama mkeka uliotandikwa juu ya udongo wenye umande. Tena hutoka kwenda katika vitu vya baridi vilivyo karibu naye, hata asipovigusa, kama ukuta wa nyumba usiku. Basi mama aliyefika shambani saa kumi na mbili asubuhi, mbeleko imelowa, akamlaza mtoto chini ya kibanda kisicho na kuta, amezifungua njia zote nne kwa mara moja bila kujua.

Sisi wenyewe tuliliona jambo hili. Miaka michache iliyopita tulifika asubuhi katika shamba la jirani wakati wa mavuno. Mtoto wake, asiyetimiza mwezi mmoja, alikuwa amelazwa chini ya dungu, amefunikwa kitenge. Watu walivuna na kuimba, na mtoto hakulia hata kidogo. Kila apitaye alisema, "Mtoto mpole huyu, hamsumbui mama yake." Nasi tulisema vivyo hivyo. Kisha akaja bibi mmoja, mkunga wa zamani, akainama akamshika mtoto miguu, kisha tumbo.

Akamwita mama, "Mwanangu, njoo. Mtoto huyu si mpole. Amepoa."

Mama akasema, "Bibi, amelala tu. Alinyonya usiku."

"Usiku umepita. Shika tumbo lake."

Mama akashika, akanyamaza. Nguo ya chini ilikuwa imelowa. Yule bibi hakupiga kelele wala hakumlaumu. Alizivua nguo zote mbichi, akamkausha mtoto, akamweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, katikati ya maziwa. Akawafunika wote wawili kwa kanga mbili kavu, na kichwa cha mtoto akakifunga kwa kilemba chake mwenyewe. Akawaketisha mahali pasipo upepo, penye jua. Mama akakamua maziwa kidogo kidogo midomoni mwa mtoto. Muda mrefu ukapita, nasi sote tumesimama na miundu mikononi. Mwishowe mtoto akatikisa mdomo, akalia kilio chembamba. Hatukupata kusikia kilio kilichotufurahisha namna ile. Wakaenda zahanati vivyo hivyo, mtoto kifuani, na leo mtoto huyo yuko shuleni.

Neno tulilojifunza siku ile ni hili: mtoto anayepoa hasumbui mtu. Nguvu zake huisha kwa kutafuta joto, huacha kunyonya. Asiponyonya hukosa chakula cha kumtia joto. Naye huzidi kupoa. Hufa kimya, na watu husema alilala akafa. Kwa hiyo upole wa ghafula wa mtoto mchanga usisifiwe kabla ya kumshika tumbo na miguu.

Dawa ya yule bibi wataalamu nao wameikubali. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona kwamba vyombo vya kuwapasha moto watoto waliozaliwa kabla ya wakati havitoshi, akawaambia mama zao wawabebe kifuani mchana na usiku. Desturi hiyo ikaitwa matunzo ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia abebaye mtoto wake mfukoni. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Watoto wadogo sana, wa kilo 1 mpaka chini ya kilo 1.8, waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Na wale waliongojewa kwanza hata wapate nguvu walikufa karibu 16 katika kila 100. Tofauti hiyo yaonyesha nguvu ya kifua cha mama.

Sasa tulitazame neno la bibi. Kumpumzisha mzazi nyumbani ni desturi njema ya wazee. Huko pwani huita arobaini, na mama hupata nafasi ya kupona na kunyonyesha. Lakini kumfungia mtoto ndani kipupwe chote si kumlinda. Nyumba nyingine hufunga dirisha, huwasha kuni au huingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Moshi huumiza mapafu ya mtoto, na huleta kichomi, ambacho wengine huita nimonia. Mkaa nao hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wazima pia wamelala nayo wasiamke. Tena mtoto aliyefungiwa hukosa kupelekwa kliniki kupimwa uzito na kuchanjwa.

Mkidhani kwamba hewa ya nje ndiyo imwuayo mtoto, fikirini habari za Ufini na nchi nyingine za kaskazini ya Ulaya. Huko maji huganda yakawa mawe, nao wazazi wengi huwalaza watoto wao nje mchana, ndani ya vigari vyao, wengine tangu wakiwa na majuma mawili. Lakini watoto hao ni wakavu, wamevikwa sufu tabaka juu ya tabaka, wamekingwa upepo, na mzazi huwatazama mara kwa mara. Tena baridi ikizidi kiasi hawawatoi. Hatusemi tuwaige. Twasema tu kwamba hewa safi si adui. Adui ni maji, upepo, na kutotazamwa.

Yafaa pia tuwakumbushe wale watakaosafiri. Wengi wa bondeni wana jamaa huko juu, Makambako na Njombe, nao hupenda kumpeleka mtoto akaonwe na wazee wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Ifakara haifiki mita 300 juu ya bahari. Njombe ni karibu mita 1,900. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua karibu nyuzi 6. Aliyeondoka bondeni amevaa nguo nyepesi atafika usiku penye baridi kali. Ikiwezekana, safari hiyo ingoje mtoto akue. Isipowezekana, sweta, kofia, soksi na blanketi visiwekwe chini ya mizigo, bali katika mkoba wa mkononi.

Basi haya ndiyo twawashauri.

1. Mtoto akiisha kuzaliwa akaushwe mara, awekwe kifuani pa mama, wala asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Wanaosema maji ya baridi humpa mtoto nguvu wanakosea.

2. Mwezi wa kwanza mtoto asipelekwe shambani alfajiri. Kama hapana budi mama atoke, angoje jua lipande na umande ukauke, saa tatu hivi. Kadhalika waendao kanisani kwa Misa ya alfajiri, au kumbatiza mtoto, wamfunike vema kichwa na miguu, nao wachague ibada ya baadaye ikiwapo.

3. Nje abebwe kifuani, si mgongoni, naye awe na nguo moja zaidi ya zile mtu mzima azitakazo. Pawe na mbeleko ya pili, kavu. Jua likiwa kali apunguzwe nguo. Jasho shingoni ni alama kwamba joto limezidi.

4. Arudishwe nyumbani kabla ya magharibi, alale ndani ya chandarua. Bonde letu lina mbu wengi. Uchunguzi uliofanywa hapa Kilombero na Ulanga, ukatangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kwa 27 katika 100 kuokoka kwa watoto wa mwezi mmoja mpaka miaka minne.

5. Mtoto akikataa kunyonya, akilegea, akiwa na tumbo la baridi au homa, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au kifua kikibonyea apumuapo, asingojewe mpaka kesho. Apelekwe zahanati au hospitali akiwa kifuani, ngozi kwa ngozi, njia nzima.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Mama haendi shambani na mtoto wa majuma matatu kwa kuwa hajui baridi. Huenda kwa kuwa mpunga hauvunwi wenyewe, na ndege hawangoji. Ewe baba, ukitaka mtoto wako apate joto, chukua mundu wa mke wako kwa mwezi mmoja, au omba jamaa wakusaidie. Kifua cha baba nacho kina joto. Mama akioga au akila, mshike mtoto. Si aibu.

Mwalimu wetu, waambie wazee wako kwa heshima kwamba wote wawili wamependa mtoto. Mtoto na atoke, lakini atoke na jua, amekauka, amefunikwa kichwa, na moyo wa mama yake ukimpigia sikioni.