Reli ya Kati na Hasara ya Kilosa

Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ulivunja kingo zake huko Kilosa, ukaichukua njia ya reli iendayo Gulwe. Mafuriko yalikuwa ya Morogoro, lakini hasara ilifika Manyoni na Itigi. Treni za kutoka pwani hazikuweza kupita kwa miezi. Mkulima wetu wa alizeti na mrina asali wakaachiwa malori, ambayo kwa mzigo wa mbali hutoza kuliko behewa.

Yafaa, ndugu wafanyakazi, tuseme wazi kwamba lawama zote si za mto. Tangu 2007 reli ilikuwa mikononi mwa TRL, kampuni ambayo RITES ya India ilishika asilimia 51 na Serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mbia alitazamiwa kuleta mtaji. Akaleta vichwa vya treni vya kukodi. Wafanyakazi waligoma wakidai mishahara, na Hazina ikatakiwa kulipa. (Mwenye hisa chache ndiye aliyefungua mkoba!) Mwaka 2011 Serikali ilizitwaa hisa zile.

Mwaka 2024 treni za umeme zilifika Dodoma, na njia yake yaelekezwa Makutupora, wilayani Manyoni. Nayo yapita Kilosa. Basi twauliza: fedha za kulinda kingo za Mkondoa na kuzibua makalavati zimo katika fungu la nani? Twataka jibu kabla ya masika.