Historia Yetu Si Karatasi ya Kufungia Chapati



Miaka kadhaa iliyopita nilinunua rolex kando ya barabara hapa Kampala, ile chapati yetu inayoviringishwa pamoja na mayai na nyanya. Muuzaji aliifungia katika karatasi iliyochanwa kitabuni. Nilipomaliza kula nikaona kwamba mafuta yalikuwa yameenea juu ya shairi. Lilikuwa shairi la Kiswahili, limepigwa taipu, na chini yake palikuwa na jina la mwanafunzi niliyemfundisha. Karatasi ile ilitoka katika kijitabu ambacho wanachama wa chama cha Kiswahili, katika shule niliyokuwa nikifanya kazi, walikichapa wenyewe: nakala zisizofika mia moja, zilizobanwa kwa stepla na kuuzwa kwa wazazi siku ya mahafali. Maktaba ya shule ilikuwa imesafishwa. Vitabu vya kiada vilibaki rafuni. Kila kilichokosa mgongo kiliuzwa kwa kilo.

Nakiri kwamba nilikuwepo kikaoni orodha ya vitu vya kuondolewa ilipopitishwa, na sikufungua mdomo.

Tangu siku hiyo nina ugomvi, na leo nauleta kwako. Nagombana na wale wanaoamini kwamba kukusanya machapisho madogo ni mchezo wa matajiri wenye kabati za vioo, au ni ugonjwa wa watu wasioweza kutupa kitu. Mimi nasema ni kazi ya uraia, sawa na kupiga kura na kuhudhuria mkutano wa kijiji. Vijitabu vya chama cha ushirika, jarida la wanafunzi, mashairi yaliyochapwa kwa fedha za mtunzi mwenyewe, kalenda ya msikiti, kabrasha la jubilei ya kanisa, kipeperushi cha mgombea aliyeshindwa: humo ndimo watu wasio na cheo walimosema mambo yao kwa maneno yao. Asipopatikana mtu wa kuyaweka, watakaosikika kesho ni wale tu waliokuwa na makarani.

Mfano ulio bora kuliko wangu uko Kongo. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville, ambao mwaka uliofuata ulianza kuitwa Lubumbashi, mtu aitwaye André Yav aliandika kijitabu cha Kiswahili kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi katika nyumba za Wazungu, wale walioitwa maboi. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, lakini usidanganyike: ndani hakuna orodha ya msamiati. Mna historia ya mji na ya nchi ya Katanga, tangu enzi za mfalme Msiri na kuja kwa Wabelgiji, kama walivyoielewa waliopika, waliofua na waliofungua milango. Hakuna kampuni ya vitabu iliyokipokea. Kilipigwa kwa mashine ya taipu, na maneno yake yameunganishwa na kutenganishwa bila kufuata kanuni yoyote unayofundishwa darasani.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipokishughulikia kijitabu hicho, ilibidi mwenzake wa Kongo, Kalundi Mango, akisome kwa sauti. Sentensi zilizokuwa fumbo kwa jicho zilifumbuka zilipoingia sikioni. Mwaka 1990 maandishi hayo yalichapishwa upya, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, na siku hizi yanasomeka hata katika intaneti.

Sasa tafakari nami. Katika mji ule ule ilikuwepo kampuni ya madini, Union Minière, yenye ofisi, makabati na daftari za mishahara. Kampuni kama hiyo haihitaji mtu wa kuionea huruma. Kumbukumbu zake hujilinda zenyewe kwa kufuli. Lakini kati ya kijitabu cha maboi na moto wa jikoni palikuwa na mtu mmoja au wachache tu walioona kwamba karatasi zile hazifai kutupwa. Laiti wangeziona kuwa takataka, leo tungekuwa na historia ya Elisabethville iliyoandikwa na mabwana peke yao, nasi tungeiita historia kamili kwa kuwa hatujui kilichokosekana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo mali.

Najua utakavyonipinga, kwa sababu wenzangu wa chumba cha walimu wamekwisha kunipinga.

Wengine husema: hicho si kitabu. Hakina mchapishaji, hakina namba, hakisimami rafuni. Basi sikia kisa cha Marekani. Mwaka 1963 msanii Edward Ruscha alichapa mwenyewe kitabu chembamba kiitwacho Twentysix Gasoline Stations, nakala 400. Ndani yake mna picha 26 za vituo vya petroli, na chini ya kila picha jina la kampuni ya mafuta na la mahali, basi. Alikipeleka Library of Congress, maktaba kubwa iliyoko Washington, nayo ikakikataa. Mwaka 1964 Ruscha alilipia tangazo katika jarida la Artforum akijivunia kukataliwa huko. Bei ya kitabu ilikuwa dola 3. Mimi binafsi sioni uzuri mwingi katika vituo vya petroli. Hata hivyo, kitabu hicho leo hutajwa miongoni mwa vya mwanzo kila panapozungumzwa kitabu cha msanii, yaani kitabu ambacho chenyewe ndicho kazi ya sanaa, na nakala ya toleo lile la kwanza huuzwa kwa maelfu ya dola. Wakutubi wa Washington hawakuwa wajinga. Walikuwa na kipimo cha kitabu vichwani mwao, na kilichokuja mbele yao hakikutosha kipimo. Ndicho kipimo kile kile kilichosafisha maktaba ya shule yangu.

Kisa hicho kina upande wa pili unaonichoma zaidi. Maktaba hiyo hiyo ilifungua ofisi yake Nairobi mwaka 1966, na ofisi hiyo hukusanya vitabu, magazeti na machapisho ya kila namna kutoka nchi nyingi za Afrika, ikiwemo Uganda. Simlaumu mgeni anayeokota nilichokitupa mimi. Ninachouliza ni kwa nini mjukuu wangu aombe viza ili akasome kijitabu kilichochapwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Usiniambie hatuna sheria. Tangu mwaka 1958 maktaba ya Makerere imepewa kisheria haki ya kupokea nakala ya kinachochapwa nchini. Lakini chama cha wanafunzi chenye stepla moja hakijui sheria hiyo, na hakuna anayekwenda kubisha mlangoni pao.

Pingamizi la pili linanihusu mimi mwalimu, na kwa hilo nitakaa kidogo. Husemwa kwamba machapisho haya yana Kiswahili kibovu, kwamba mwanafunzi akiyasoma ataharibika. Ni kweli kwamba katika Kiswahili cha Lubumbashi utakutana na batu mahali pa watu, na bazungu mahali pa Wazungu, na maneno ya Kifaransa yaliyovishwa nguo zetu. Nilipokisoma kijitabu cha Yav kwa mara ya kwanza, mkono wangu ulitafuta kalamu nyekundu wenyewe, bila idhini yangu. Nilikuwa nimefika ukurasa wa tatu nilipojiuliza ninamsahihisha nani. Mtu aliyeishi mambo yale, akayasema kwa lugha aliyoitumia kuagizwa, kutukanwa, kununua sokoni na kuwazika ndugu zake? Kiswahili sanifu hakikumkuta huko, wala hakikumtafuta.

Ukiandika batu katika mtihani wangu nitakukata alama, tena bila majuto, kwa maana mtihani unapima Kiswahili sanifu. Lakini ukikiondoa kijitabu rafuni kwa sababu kimeandikwa batu, hujailinda lugha. Umemnyima raia ushahidi wake kwa kosa la ngeli. Nasi wa Uganda ndio tunaopaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Tulikaa miongo mingi tukikiita Kiswahili lugha ya kambi za jeshi na ya wezi. Ni mwaka 2022 tu baraza la mawaziri lilipoamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Maandishi machache ya Kiswahili yaliyotoka mikononi mwa Waganda wa kawaida katika miaka ile ya dharau yana makosa tele. Hayo hayo ndiyo tuliyo nayo.

Wapo pia wanaoogopa uongo. Hao huniuliza kuhusu Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa mjini, unaotoa kadi za harusi, risiti, kalenda na, sote tunajua, vyeti ambavyo hakuna chuo kilichovitoa. Mtaa huo pia umetoa mabango ya siasa ya rangi kali, ambamo Gaddafi, Saddam na hata Osama bin Laden huchorwa kama mashujaa wa sinema. Je, nayo tuyaweke? Naam, tuyaweke. Kuweka si kukubali. Daktari huhifadhi damu yenye ugonjwa ili aujue ugonjwa. Bango la uongo linakuambia jambo la kweli kabisa: watu walitamani kuamini nini mwaka ule, na walikuwa tayari kulipa shilingi ngapi. Mtafiti wa Ubelgiji, Kristof Titeca, ameyatolea kitabu mwaka 2023. Mimi niliyapita mabango hayo tangu utotoni na sikununua hata moja.

Basi ukinikubalia, anza na sanduku moja, na lisikae sakafuni, kwani mchwa hawabagui. Nunua nakala mbili ukiweza, moja ya kusoma na moja ya kuweka, na ulipe bei iliyoandikwa; aliyechapa kwa fedha zake anastahili hivyo kuliko kampuni yoyote. Usibandike gundi ya plastiki kwenye karatasi iliyochanika, na pini zikianza kushika kutu zitoe taratibu, ufunge kwa uzi wa pamba. Kisha fanya jambo ambalo wakusanyaji wengi hulisahau: andika kwa penseli, kwenye kikaratasi cha pembeni, siku uliyokipata, mahali, bei, nani aliyekichapa na nakala ngapi zilitoka. Muulize mwenyewe angali hai. Kijitabu kisicho na habari hizo ni yatima. Barua za watu, picha za familia na vitambulisho viache. Hivyo vina wenyewe, na udadisi wako haukupi haki navyo.

Kuna kosa moja ambalo naliogopa kuliko mchwa. Kitabu cha dola 3 kilichotungwa ili mtu yeyote akimudu, leo kimelala ndani ya sanduku la chuma la mtu anayengojea bei ipande. Huyo naye amekitupa, ila ametupa mahali pasafi. Sanduku lako lifunguliwe. Lipeleke darasani Ijumaa moja kila muhula, waache wenzako washike kwa mikono mikavu, wasome kwa sauti kama Kalundi Mango alivyosoma, wabishane.

Sanduku langu lina vitu 140 na kidogo. Cha kwanza ni ile karatasi ya chapati, ambayo doa lake la mafuta limekuwa la rangi ya chai. Mtunzi wa shairi sasa ni muuguzi; nilimtafuta, akaniambia hana nakala, na kwamba alidhani shule inayo. Wenzake watano niliowauliza wamenijibu vivyo hivyo. Nina ukurasa wa 11, na nyuma yake ukurasa wa 12 wenye nusu ya hadithi ya msichana anayengoja basi kwenda Masaka. Sijui kama basi lilifika.