Alama Iliyovurugika Katika Cheti cha Dawa Haibahatishwi

Hospitali nyingi sasa hutunza taarifa za wagonjwa kwa kompyuta. Majibu ya maabara na vyeti vya dawa huandikwa katika programu moja, hugeuzwa kuwa hati za XML ili zisafiri hadi programu nyingine, kisha hugeuzwa tena ili zisomwe kwenye skrini au kuchapwa. Katika safari hiyo baadhi ya alama huvurugika. Wengi huliona jambo hilo kuwa kero ndogo ya mafundi wa kompyuta. Kwa maoni yangu ni suala la usalama wa mgonjwa, na linastahili uzito uleule tunaoupa mwandiko usiosomeka.

Chanzo chake si kigumu kueleweka. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na jedwali maalumu huamua namba ipi isimamie herufi ipi. Jedwali la ASCII la mwaka 1963 lina nafasi 128 tu. Zinatosha kwa Kiingereza, na zinatosha kwa Kiswahili pia, lakini alama za µ, ≥, ½ na ° hazimo. Majedwali yaliyofuata hayakukubaliana juu ya alama hizo. Mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huandika µ kwa baiti mbili na ≥ kwa baiti tatu. Programu inayozisoma baiti hizo kwa jedwali la zamani huona herufi mbili au tatu mahali pa moja; hivyo “50 µg” huwa “50 Âµg”.

Hapo ndipo penye mtego kwetu. Hati nzima ya Kiswahili yaweza kupita salama, kila neno likisomeka vizuri, na kosa likajitokeza penye kipimo cha dawa peke yake.

Kama ilivyo kwa maradhi, dalili huelekeza kwenye chanzo. Herufi ngeni mbili au tatu badala ya moja humaanisha kwamba UTF-8 imesomwa kwa jedwali la zamani. Umbo la almasi lenye alama ya kuuliza ndani yake mara nyingi humaanisha kinyume chake: baiti za zamani zimesomwa kana kwamba ni UTF-8. Alama ya kuuliza ya kawaida ni dalili mbaya zaidi, kwa kuwa aghalabu huonyesha kwamba alama ya asili imekwisha kutupwa na haiwezi kurejeshwa kutoka katika hati hiyo. Maelekezo ya kuchukua hatua shinikizo la damu likiwa “≥140/90” husomeka “?140/90”. Alama ya ≤ nayo ingegeuka vivyo hivyo, kwa hiyo msomaji hana njia ya kutofautisha.

Lililo hatari kuliko yote halina dalili. Katika baadhi ya hati za zamani, alama ya µ ilipatikana kwa kuandika herufi m na kuivika fonti iitwayo Symbol. Hati kama hiyo ikigeuzwa, fonti huachwa nyuma na m hubaki. Mikrogramu 200 husomeka miligramu 200, yaani mara 1,000 zaidi, wala hakuna herufi ngeni ya kumshtua msomaji. Misoprostoli, inayotumika kuzuia na kutibu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hupimwa kwa mikrogramu. Levothairoksini ya wagonjwa wa tezi ya shingo nayo ni hivyo hivyo.

Hata majina hayasalimiki. Majina mengi ya Kisukuma yana ng'w. Kituo kimoja kikiandika kwa ritifaa iliyonyooka na kingine kwa iliyopinda, kwa kompyuta hayo ni majina mawili, na majibu ya mgonjwa yaweza kutafutwa yasionekane.

Tiba iliyozoeleka ni kusahihisha kwa mkono kila kosa linapoonekana. Tiba hiyo huficha ugonjwa. Mafundi hawana budi kuitunza hati ya asili, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi wapate mahali alama ilipoharibikia kwanza. Hati ya XML hutangaza jedwali lake katika mstari wa kwanza, na isiyotangaza kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya UTF-8. Tangazo hilo lilinganishwe na baiti zenyewe. Kubadilisha tangazo peke yake hakubadilishi kilichoandikwa, kama vile kubandika karatasi mpya kwenye chupa kusivyobadilisha dawa iliyomo.

Viongozi wa hospitali nao wana wajibu. Mfumo wowote usipokewe kabla ya hati ya majaribio yenye µ, ≥, ≤, ½, °C na ng' kupitishwa tangu chumba cha daktari hadi karatasi ya mgonjwa, na kila alama kukaguliwa kwa macho. Vipimo vya dawa viandikwe kwa neno kamili: “mikrogramu 50”, “nusu tembe”. Neno kamili halihitaji jedwali jipya, na mgonjwa hulielewa.

Kwako mhudumu wa afya: usikisie. Ukiona alama usiyoitambua karibu na kipimo, simamisha utoaji wa dawa, muulize aliyeandika, kisha toa taarifa kama unavyotoa kwa kosa lolote la dawa. Nawe mgonjwa, ukikuta alama ya ajabu kwenye cheti chako, una haki ya kuuliza kabla ya kumeza. Mhudumu anayeulizwa hivyo asione ameshukiwa. Amesaidiwa kuiona hitilafu ambayo kompyuta yake haikuiona.