Mcheza Kwao Hutunzwa Jela

Daktari akiondoka Kenya hakosi wa kumtukana. Ati msaliti. Ati tumemsomesha kwa kodi zetu, leo anaenda kutibu wazee wa Wazungu. Wakubwa wanayasema majukwaani, nasi tunayarudia kwenye magrupu ya WhatsApp bila kuyatafuna. Mwisho wa yote atatokea mtu mzima na methali yake: mcheza kwao hutunzwa.

Haya. Tuulize basi, waliocheza kwao walitunzwa nini?

Juni 2013 serikali ilitia saini mkataba na chama cha madaktari, KMPDU, kuhusu mishahara na mazingira ya kazi. Ukatupwa kabatini. Disemba 2016 madaktari wakagoma, na mgomo ukafika siku 100. Februari 2017, mgomo ukiendelea, viongozi saba wa chama wakahukumiwa mwezi mmoja jela kwa kukaidi amri ya mahakama. Mahakama ya Rufaa ikawatoa baada ya siku mbili. Waliokalia mkataba zaidi ya miaka mitatu, hakuna aliyelala ndani hata usiku mmoja. Ukaja mkataba mwingine, wa 2017. Nao ukakaliwa. Machi 2024 wakagoma tena, siku 56, manake serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za mkataba. Wiki mbili kabla ya mgomo huo, katibu mkuu wa chama, Davji Atellah, alipigwa kichwani na kopo la gesi ya machozi akiwa kwenye maandamano Nairobi.

Huko ndiko kutunzwa kwetu. Jela na gesi.

Mimi nakaa Magongo, karibu na uwanja wa ndege wa Moi. Sisi tunauita Airport tu, na ndege tumezizoea kama kunguru. Ukitaka kuijua sera ya afya ya nchi hii, usijisumbue kwenda Afya House. Kasimame pale nje, wasafiri wanapokaguliwa.

Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu hapo. Sekondari tulikaa dawati moja. Mimi chuo kilinishinda mwaka wa pili, karo. Yeye alimaliza: miaka sita ya udaktari, mwaka mmoja wa unagenzi. Kisha akakaa nyumbani. Miaka miwili anangoja ajira ya serikali, huku anashika zamu za usiku kwenye kliniki ya mtu huko Kisauni. Analipwa kwa siku, na mwenye kliniki asipotaka kulipa humwambia pesa haijaingia. Akaanza kusomea PLAB, mtihani wa Waingereza. Sehemu ya kwanza unaweza kuifanyia Nairobi, ya pili lazima uende Manchester. Ukoo mzima ulichanga. Hebu fikiria, harambee ya kumtoa daktari nchini! Siku ya safari mamake alimtilia achari ya embe na visheti kwenye begi, akamwambia, "Nenda mwanangu. Hapa watakuzeesha bure."

Kwenye foleni hiyo hiyo, hatua chache mbele yake, palikuwa na mzee kwenye kiti cha magurudumu, bahasha kubwa ya eksirei mapajani, mwanawe kamshikia pasipoti. Anapelekwa India kutibiwa. Nao walikuwa wamechanga. Wote wawili ni watu wa Mombasa. Walipaswa kukutana wodini.

Lakini wale wawili angalau walikuwa na pasipoti. Kuna wa tatu ambaye hafiki pale kabisa. Mama mdogo wangu alipelekwa hospitali moja ya umma huku bara, saa nne usiku, uchungu umemshika. Daktari wa zamu alikuwa mmoja, na alikuwa thieta na mgonjwa mwingine. Nesi mmoja, wodi nzima. Walikimbia huku na huku, wala siwalaumu. Mama mdogo alingoja mpaka saa tisa. Mtoto hakuweza kungoja. Tulimzika kesho yake, na wiki hiyo hiyo nikasikia redioni kiongozi mmoja akiwahimiza madaktari wawe na uzalendo.

Tunaambiwa tusilalamike, wanaoondoka wanatuma pesa. Kweli, wanatuma. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9. Pesa hizo zinajenga, zinasomesha, na huku kwetu zinalipa kodi za nyumba nyingi. Sizidharau. Ila M-Pesa haimpasui mtu saa nane za usiku.

Na hesabu yenyewe tunapunjwa. Utafiti wa Joses Kirigia na wenzake, uliotoka 2006, ulipiga hesabu kuwa kumsomesha daktari mmoja wa Kenya, kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, kuligharimu dola 65,997. Mwaka 2011 jarida la BMJ likachapisha utafiti mwingine, wa nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Hasara ya kuwasomesha madaktari waliokwenda kufanya kazi nchi za nje: zaidi ya dola bilioni 2. Na Uingereza? Iliokoa kama dola bilioni 2.7 kwa kuwapokea wakiwa tayari wameshaiva. Tunawasaidia matajiri, halafu tunaenda kwao kuomba misaada ya afya tukiwa tumeinamisha vichwa.

Hapo wengine watasema, basi wafungwe kamba. Ukisomea udaktari kwa pesa ya umma, utumikie umma miaka kadhaa, utake usitake. Si wazo baya. Lakini mkataba una pande mbili, na tumeshaona upande mmoja unavyoitunza saini yake. Rafiki yangu aliomba kutumikia umma. Aliomba miaka miwili. Utamfungaje kwa lazima kwenye kazi ambayo umemnyima?

Mimi nasema hivi: hatupotezi madaktari. Tunawatoa. Mtu hupoteza kitu kwa bahati mbaya, na haya mambo yana sahihi na picha za kupeana mikono. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wetu wakilia hawana ajira. Julai 2021 ikaingia makubaliano na Uingereza ya kupeleka huko wauguzi wa Kenya wasio na kazi. Soma tena: wauguzi wasio na kazi, katika nchi ambayo nesi mmoja anashika wodi nzima. Septemba 2024 rais akawa Berlin, makubaliano ya wafanyakazi na Ujerumani yakitiwa saini. Nyumbani mpango umepewa na jina, Kazi Majuu. Serikali inayojisifu kwa kutafutia vijana wake kazi kwa watu imekiri kwamba kwake imeshindwa.

Na anayelipa ni yule asiyekuwepo kwenye picha. Mama wa Chaani. Mzee wa Likoni anayesubiri feri ili afike Coast General. Wakubwa hawalipi, kwa sababu wao wakiumwa kichwa wanapanda ndege. Ndiyo maana hawana haraka. Mtu hakimbilii kuzima moto wa nyumba asiyolala.

Kwa hivyo tuache kumsimanga anayeshika begi. Yeye ni mtu, ana mamake, ana deni la HELB, ana haki ya kulala akijua mshahara utaingia. Hasira zetu tuzielekeze kwa walioshika kalamu. Tuwadai vitu vinavyohesabika. Kila daktari na kila nesi aliyemaliza unagenzi aajiriwe kabla hatujaleta mgeni au kusaini makubaliano mengine ya kuwatoa. Nchi inayomchukua aliyesomeshwa na kodi zetu itulipe gharama ya kumsomesha, na pesa hiyo iende kusomesha na kuajiri wengine, isipitie mifukoni. Gavana, mbunge na waziri watibiwe hospitali za umma, wao na watoto wao, kwenye foleni ya kawaida. Na tusingoje siku ya mgomo ndio tuulize. Bajeti ya kaunti inasomwa kila mwaka na ina vikao vya wananchi. Tunaojua kujaza uwanja kwa tamasha tunaweza kujaza ukumbi mmoja.

Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Basi mshahara wa mwezi huu ulipwe mwezi huu. Tuanzie hapo. Uzalendo tutauzungumza baadaye.