Hatia ya Manusura Haimo Damuni

Imani kwamba hatia ya walionusurika Maangamizi Makuu ya Wayahudi huteremka kwa damu hadi kwa watoto na wajukuu wao imeenea kiasi cha kuchukuliwa kama jambo lililothibitishwa. Husemwa kwamba mtoto aliyezaliwa baada ya vita huja duniani akiwa tayari anadaiwa na Wayahudi milioni sita waliouawa, na kwamba deni hilo ndilo linalomfanya awe Myahudi. Imani hiyo haina msingi, na kibaya zaidi, inawaumiza watu wasio na kosa lolote.

Kwa waliopita katika kambi za Wanazi, hisia ya hatia ilikuwa ya kweli na kali. Daktari wa akili William Niederland, mwenyewe mkimbizi kutoka Ujerumani, aliwachunguza huko New York manusura waliokuwa wakidai fidia kwa serikali ya Ujerumani Magharibi. Aliona kwamba wengi walijilaumu kwa kubaki hai ilhali wazazi, wenzi na watoto wao wameangamia. Kuanzia miaka ya 1960 madaktari wengine, Vivian Rakoff wa Montreal akiwa miongoni mwa wa kwanza, waliandika kuhusu mateso ya watoto wa manusura. Hapo ndipo kosa lilipoingia: watoto walioelezwa ni wale waliofika kutafuta tiba, kisha hali yao ikavikwa kizazi kizima. Mwaka 2003 Marinus van IJzendoorn na wenzake walikusanya tafiti zilizogusa watu zaidi ya 4,400. Kwa familia ambazo hazikupatikana kupitia zahanati, hawakuona ushahidi kwamba watoto wa manusura walikuwa na hali mbaya kuliko wengine.

Matokeo hayo hayakupata umaarufu. Yaliyopata umaarufu ni ya Rachel Yehuda, yaliyotangazwa mwaka 2015, kuhusu alama za kikemikali kwenye jeni iitwayo FKBP5, inayohusika na namna mwili unavyokabili msongo. Waliopimwa walikuwa manusura 32 na watoto 22, idadi ndogo mno kubeba uzito uliotwikwa juu yake. Tena, hata kama alama hizo zingethibitika kwa maelfu ya watu, zingehusu msongo tu. Hatia ni hukumu juu ya tendo, na hakuna homoni inayojua nani alimwacha nani kwenye jukwaa la treni.

Kinachopita kati ya vizazi hupita sebuleni na chumbani. Familia ya Art Spiegelman, mchoraji wa kitabu cha katuni cha *Maus*, inaonyesha njia yake. Wazazi wake, Vladek na Anja, Wayahudi wa Poland, walitoka kambi ya Auschwitz wakiwa hai. Mtoto wao wa kwanza, Richieu, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1943: dada wa Anja aliyekuwa akimtunza alimpa sumu, naye akajiua, ili wasipelekwe kwenye vyumba vya gesi. Art alizaliwa Stockholm mwaka 1948 na kukulia New York, katika nyumba ambamo picha ya kaka huyo ilitundikwa chumbani mwa wazazi. Mtoto aliye hai hawezi kushindana na mtoto aliyebaki kuwa picha. Mwaka 1968 Anja alijiua bila kuacha barua, na Vladek akazichoma daftari ambamo mkewe alikuwa ameandika habari za maisha yake. Damu haielezi lolote hapa. Kuna picha ukutani, maswali yasiyo na wa kuyajibu na daftari zilizogeuka majivu, na mtoto asiyepewa maelezo humtafuta mkosaji hadi ajikute ni yeye. Ukimya wa wazazi wa namna hiyo unaeleweka, kwani wengi walipotaka kusema hawakupata wa kuwasikiliza. Ila anayeuita ukimya huo urithi wa damu anawafungia watoto njia ya kuuliza.

Tena Wayahudi ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuikataa hatia ya kurithi. Kwa karne nyingi Wakristo wa Ulaya waliwabebesha Wayahudi wote, hata wachanga, hatia ya kifo cha Yesu. Kanisa Katoliki liliikana fikra hiyo mwaka 1965 katika tamko la *Nostra Aetate*. Sheria za Nuremberg za Wanazi za mwaka 1935 zilimpima mtu kwa idadi ya babu na bibi zake Wayahudi, hata kama yeye mwenyewe amebatizwa. Kumwambia mjukuu wa manusura kwamba damu yake inamhukumu ni kumpima kwa kipimo kile kile. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kukanusha kwamba mwana hubeba uovu wa baba. Na wazazi waliotoka Auschwitz hawakuwa na uovu wa kurithisha: wakosaji ni waliojenga kambi.

Watetezi wa imani ya hatia ya kurithi huhofu kwamba hatia ikiondolewa, kumbukumbu itakufa na Uyahudi utadhoofika. Katika utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2020, asilimia 76 ya Wayahudi wazima wa Marekani walisema kukumbuka Maangamizi ni sehemu ya lazima ya Uyahudi wao. Kushika sheria ya dini kulitajwa na asilimia 15. Kumbukumbu basi ina nguvu. Hatari iko kwingine, pale Uyahudi unapobaki kuwa hesabu ya waliouawa na Hitler tu. Mwanafalsafa Emil Fackenheim, aliyefungwa katika kambi ya Sachsenhausen, alifundisha tangu mwaka 1967 kwamba Myahudi amekatazwa kumpa Hitler ushindi baada ya kifo chake. Mjukuu anayeona aibu kwa kuwa alizaliwa ni sehemu ya ushindi huo.

Maombolezo ya Kiyahudi yenyewe yana mipaka. Aliyefiwa na mzazi hukaa matanga siku saba, hujizuia na baadhi ya mambo zaidi ya hapo, husoma sala ya Kadishi kwa miezi 11, kisha huacha na kuirudia kila mwaka siku ya kumbukumbu ya kifo. Kwa waliouawa bila tarehe kujulikana, Urabi Mkuu wa Israeli uliteua tarehe 10 ya mwezi wa Tevet wa kalenda ya Kiyahudi. Anayeisoma Kadishi siku hiyo anatimiza wajibu kwa marehemu wake bila kuungama kosa, kwa kuwa sala hiyo humtukuza Mungu na kuomba amani, na haitaji dhambi ya msomaji popote.