Shahada na Timazi

Elimu isiyoweza kusemwa mahali inapotumika ni mfano wa mali iliyotiwa sandukuni, sanduku likafungwa, na ufunguo ukatupwa baharini. Mwenye mali hiyo huitwa tajiri, walakini njaa yake na ya jirani zake haiponi. Hivyo ndivyo ilivyo elimu ya uhandisi na usimamizi wa ujenzi katika vyuo vikuu vya Tanzania. Kijana huisoma miaka minne kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na shahada yake hunenwa kwa Kiingereza. Kisha hupelekwa Tanga, Pangani au Mkinga kusimamia jengo, na asubuhi ya kwanza hukuta mafundi na saidia fundi wanaomngoja aseme. Humwita injinia na kumpa heshima yake. Asemapo, heshima hubaki, lakini maana haifiki.

Wapo watu, tena wenye vyeo, wasemao kwamba hapo hapana shida. Kijana huyo ni Mtanzania, wasema. Kiswahili amekinyonya utotoni, naye atakitumia akifika kazini. Kauli hii ina sura ya kweli na moyo wa uongo. Kukijua Kiswahili cha salamu, cha soko na cha mapenzi si kukijua Kiswahili cha msingi, nguzo na boriti. Mtu hawezi kueleza kwa lugha moja jambo ambalo akili yake haikupata kulifikiri ila kwa lugha nyingine. Aghalabu hufanya mojawapo ya mambo mawili: hukariri neno la Kiingereza kwa sauti kubwa zaidi, au huamrisha bila ya kutoa sababu. La kwanza humfanya fundi acheke moyoni. La pili humfanya atii mbele ya macho na kuasi nyuma ya mgongo.

Na litazamwe jambo dogo, jambo la maji. Mfuko mmoja wa saruji una uzito wa kilo 50. Zege lililopimwa vema huweza kuuchanganya mfuko huo na maji lita 25 tu, nalo huwa zito, gumu kusukuma kwa koleo. Saidia fundi, ambaye mgongo wake ndio unaolipa uzito huo, huongeza ndoo nusu ili zege liteleze. Lita 10 zilizoongezwa huenda zikapunguza nguvu ya zege kwa theluthi moja au zaidi, kwa kuwa maji yasiyotumiwa na saruji hukauka baadaye na kuacha vitundu vingi visivyoonekana kwa jicho. Mhandisi kijana yajua haya. Aliyaandika katika mtihani akapata alama nzuri. Lakini maneno aliyo nayo ni ya uwiano, yaliyo katika lugha ya kitabu. Husema, "Msizidishe maji." Hasemi kwa nini. Akienda zake, maji huzidi. Angalisema kwamba maji yanayozidi hugeuka vitundu, na nguzo yenye vitundu ni mwiko kuibebesha ghorofa, fundi angalielewa mara moja, maana kitu kilicholiwa na mchwa amekiona maisha yake yote.

Jambo la pili ni la pwani hasa, nalo ni kubwa zaidi. Kusini ya mji wa Tanga, mwendo usiofika kilomita 20, yapo magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, karne nyingi kabla ya saruji kufika pwani hii. Waashi wa zamani walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaiacha ipoe na kuiva, na wakaezeka dari kwa boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Huo ulikuwa uhandisi, ijapokuwa haukuwa na chuo. Na katika ujenzi ule chumvi ya bahari haikuwa adui mkubwa, kwa sababu ndani ya ukuta hamkuwa na chuma cha kuliwa.

Leo ndani ya nguzo mna nondo. Saruji njema huuvika chuma ngozi nyembamba inayokikinga; chumvi huitoboa ngozi hiyo; kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara mbili na zaidi kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo husukuma, na zege hupasuka kwa ndani kabla ya kupasuka kwa nje. Fundi aliyerithi desturi za enzi ya chokaa huona mchanga wa ufukweni ni mchanga kama mchanga mwingine, tena uko karibu na hauna bei. Hana kosa la ujinga wa asili: hakuna aliyemwambia kwamba mgeni aitwaye nondo amekuja na maradhi yake. Aliyeyajua maradhi hayo aliyasoma kwa lugha isiyofika ufukweni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya nondo na mchanga wa chumvi, ufa ukionekana, ukuta umekwisha kuhukumiwa.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya uhandisi. Hoja hii husemwa zaidi na watu wasiopata kusimama hata saa moja penye jengo. Wangalisimama, wangalisikia timazi na pimamaji, mwiko na kamba, msingi na jamvi, nguzo na lenta, kokoto, zege, nondo na ringi, lipu na sakafu. Maneno mengine ni ya asili, mengine ni ya kukopa, na yote yanafanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi. Kukopa si aibu. Kiingereza chenyewe kilipata neno lake la saruji na neno lake la zege kutoka Kilatini, na hakuna Mwingereza anayeona haya kwa deni hilo. Lugha haipungukiwi na maneno kwa umaskini wake. Hupungukiwa pale wasomi wake wanapokataa kuitumia, kisha wakailaumu kwa kutotumika.

Hoja ya tatu ina nguvu zaidi, nayo yastahili jibu la adabu. Husemwa kwamba vitabu vya fani hii vimeandikwa kwa Kiingereza, mikataba mikubwa huandikwa kwa Kiingereza, na mhandisi asiyejua lugha hiyo atafungiwa dunia. Ni kweli. Wala hapana mwenye busara atakayetaka Kiingereza kifukuzwe chuoni. Lakini dunia ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Wajapani walipofungua chuo chao cha uhandisi mjini Tokyo mwaka 1873 walimwita Mskoti Henry Dyer awe mkuu wake, na masomo yakaendeshwa kwa Kiingereza. Hawakukaa hapo milele. Walitafsiri, wakatunga istilahi, wakaandika vitabu vyao, na elimu ile ikawa ya Kijapani. Tanzania ilianzisha Kitivo cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, miaka 100 kamili baada ya Tokyo. Zaidi ya nusu karne imepita, na mlango wa kutokea haujafunguliwa.

Aonaye haya kuwa ni mageni na aitazame Tanga yenyewe. Mjerumani hakuja pwani hii kumpenda mtu. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889. Hata hivyo mtawala huyo alipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, na gazeti la Kiongozi likapigwa chapa hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakufanya hivyo kwa hisani. Alitaka kazi yake ifanyike, naye alijua kwamba kazi haifanyiki kwa lugha isiyoeleweka na watendaji. Je, si ajabu kwamba jambo alilolifahamu mtawala mgeni kwa faida yake lawashinda wenye nchi kwa faida yao?

Historia ya baada ya uhuru nayo haina udhuru. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kifundishie shule za sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Pendekezo likawekwa kando. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili pamoja na Kiingereza katika ngazi zote. Madarasa ya uhandisi yakaendelea kama jana. Walakini mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, fani ambayo nayo iliambiwa miaka mingi kwamba haiwezekani bila ya Kiingereza. Kama mtu aweza kuhukumiwa kifungo kwa Kiswahili, yawezekanaje asielezwe kwa Kiswahili uzito wa sakafu anayolalia?

Wakati hausubiri. Mwezi wa Agosti 2017 jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Bandari ya Tanga imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi mita 13 na kupewa gati mpya. Kazi za namna hii huja na wakandarasi wa kigeni, wenye lugha zao. Mhandisi Mtanzania huwekwa katikati, kati ya mgeni na fundi. Hiyo ndiyo kazi hasa ya usimamizi wa ujenzi: kupanga ratiba, kukadiria gharama, kulinda usalama, na juu ya yote kuwafanya watu wengi wafanye jambo moja kwa nia moja. Chuo humfunza ratiba kwa hesabu na mkataba kwa vifungu. Siku ya mtihani hapana swali linalomtaka amweleze mwashi mwenye umri wa baba yake kwa nini zege limwagiliwe maji siku 7, amweleze kwa adabu, aeleweke.

Lawama si ya wahandisi peke yao. Wataalamu wa Kiswahili nao wana sehemu yao, na si ndogo. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na orodha za istilahi zimetungwa tangu hapo; lakini maneno mengi hutungwa mezani, na mwenye timazi haulizwi. Neno lisilopita mikononi mwa fundi ni tofali lisilochomwa: lapendeza likiwa kavu, layeyuka mvua ikinyesha.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, na watu 36 wakafa. Mwezi wa Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu wengi tena. Mwadilifu hawezi kusema kwamba lugha ndiyo iliyoyaangusha. Tamaa, haraka na uzembe vina njia zao nyingi. Lakini penye jengo, mlinzi wa kwanza dhidi ya mambo hayo ni fundi anayejua sababu, aweza kusema "hapana", na mhandisi anayeelewa anapoambiwa. Walinzi hao wawili wasipozungumza, tamaa hupita kati yao bila ya kupiga hodi.

Dawa haihitaji fedha za kigeni. Kila mwanafunzi wa ujenzi atahiniwe kwa Kiswahili katika kueleza kazi, na asiyeweza asipewe shahada. Istilahi zikusanywe saiti, kutoka Tanga hadi Pangani, fundi na mhandisi wakiwa pamoja, kabla ya kuchapwa. Maagizo ya usalama yaandikwe kwa lugha ya wanaoweza kufa. Na fundi mzee aalikwe darasani, akae kitini, aulizwe.

Timazi ni uzi na kipande cha risasi, haina shahada. Lakini ukuta ukipinda huusema, na kila aliye karibu huelewa. Chuo kikuu kisichoweza kufanya hivyo na kijifunze kwa timazi.